Nukta Peke Yake Kwenye Mstari

Seva mbili zinapokabidhiana barua pepe, mazungumzo yao ni mafupi na mtu anaweza kuyafuata kwa macho. Inayotuma hufungua mlango wa 25 wa mwenzake, hujitambulisha kwa HELO, au EHLO ya siku hizi, hutaja barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, kisha husema DATA na kuanza kuimimina barua mstari kwa mstari. Ikimaliza huandika nukta peke yake kwenye mstari. Inayopokea hukaa kimya kidogo, halafu hujibu kwa namba: 250. Jon Postel aliuandika utaratibu huu Agosti 1982, katika waraka wa RFC 821, na aliyeusoma mwaka ule akikaa leo mbele ya seva mpya kabisa hatapotea.

Wengi wanaotaka kujua waweke programu gani ya barua kwenye seva yao ya Linux huja na maswali ya kasi, ya umaarufu, na ya ipi ina maelekezo mengi mtandaoni. Ni maswali halali. Ila mimi huanzia kwenye ule ukimya ulio kati ya nukta na 250, maana hapo ndipo barua inapobadilisha mikono. Kabla ya 250, barua bado ni dhima ya seva iliyoituma. Baada ya 250, mtumaji hufuta nakala yake akaendelea na shughuli zake, na barua inabaki kuwa amana mikononi mwa programu uliyoichagua wewe. Kanuni za SMTP zinasema wazi kwamba aliyekwisha kujibu hivyo hana ruhusa ya kuipoteza barua kwa sababu ndogo ndogo, na kuzimika kwa mashine kumehesabiwa humo kuwa sababu ndogo. Basi swali langu la kwanza ni hili: programu inafanya nini kabla haijafungua kinywa kusema 250?

Nitaeleza inavyofanya Postfix, kwa kuwa ndiyo ninayoiweka ninapoachiwa nichague, na kwa kuwa kila nikiichungulia ndani naona kazi ya fundi aliyefikiri sana kabla ya kushika nyundo.

Kipande chake kinachozungumza na mgeni kinaitwa smtpd. Hicho hakiiandiki barua kwenye foleni chenyewe. Hukipitishia kipande kingine, cleanup, ambacho hufungua faili ndani ya saraka iitwayo incoming na kuanza kuandika. Wakati linaandikwa, faili hilo lina ruhusa za 0600: mwenye faili anaweza kusoma na kuandika, basi. Nukta ikishafika, cleanup hufanya mambo matatu kwa mpangilio. Husukuma nje kila herufi iliyobaki mkononi mwake. Hubadili ruhusa za faili kuwa 0700, yaani huongeza ile ruhusa ya kuliendesha faili kama programu. Kisha huita fsync, wito unaoilazimisha kerneli ipeleke kila kitu kwenye diski na isirudi na jibu mpaka kazi imefanyika. Hayo matatu yakitimia ndipo smtpd anaposema 250.

Ruhusa ya kuendesha, kwenye faili la barua, haina matumizi yoyote ya kawaida. Hakuna atakayeiendesha barua. Wietse Venema, aliyeiandika Postfix, aliichukua alama hiyo iliyokuwa imekaa bure akaifanya muhuri. Faili lenye muhuri limekamilika, lisilo nao bado, na msimamizi wa foleni, qmgr, haligusi faili lisilo na muhuri. Hapakuhitajika hifadhidata ya pembeni, wala faili la pili la kueleza hali ya lile la kwanza, ambalo nalo lingeweza kuharibika na kusema uongo. Hali ya barua imeandikwa juu ya barua yenyewe, kwa biti moja ambayo kila mfumo wa jamii ya Unix unayo.

Tuseme umeme umekatika ghafla, jambo ambalo msomaji wa Morogoro au Kisumu hahitaji kusimuliwa. Ukikatika barua ikiwa nusu, mashine itakapowaka litakutwa faili lisilo na muhuri, qmgr atalipita, na hakuna kilichopotea, kwa sababu mtumaji hakuwahi kuambiwa 250. Nakala yake anayo, atarudi kuituma. Ukikatika baada ya 250, barua iko kwenye diski, ina muhuri, na kazi itaendelea ilipoishia. Inabaki nafasi nyembamba kati ya fsync na jibu kumfikia mtumaji. Umeme ukikatika hapo, mtumaji hakusikia 250, ataituma tena, na mpokeaji atapata barua ileile mara mbili. Utaratibu mzima umekubali hasara hiyo kwa makusudi. Afadhali barua mbili kuliko kukosa hata moja.

Wito huu wa fsync una gharama yake. Kwa kawaida kerneli hupenda kujibu haraka: ukiiambia andika, husema nimeandika, kumbe imeweka kwenye kumbukumbu ya muda na itapeleka kwenye diski ikipata nafasi. Kwa picha za likizo si neno. Kwa amana ya mtu mwingine ni neno kubwa, na seva ya barua inayopokea nyingi kwa mpigo hutumia muda wake mwingi kuisubiri diski, siyo kufikiri. Ukiona programu inajisifu kwa kasi ya ajabu ya kupokea barua, tafuta kwanza kama inaisubiri diski au inajibu kwa matumaini.

Uangalifu huu ulitokana na mapito, na haueleweki vizuri bila kuitazama Sendmail. Eric Allman, pale Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika kwanza delivermail mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha Sendmail, iliyotoka pamoja na mfumo wa BSD mwaka 1983. Wakati huo hapakuwa na mtandao mmoja. Palikuwa na ARPANET, palikuwa na UUCP, palikuwa na mitandao midogo ya vyuo, na kila mmoja uliandika anwani kivyake. Mmoja ulitumia alama ya @, mwingine ulipanga majina ya mashine kwa alama za mshangao. Sendmail ilizipatanisha zote kwa lugha yake ya kugeuza anwani, lugha ngumu kusoma lakini yenye uwezo mkubwa mno. Anayeicheka leo hajui ilichobeba. Bila hiyo, barua ya mtandao mmoja isingevuka kwenda mwingine kwa urahisi ule.

Tatizo lake lilikuwa jengo. Ilikuwa programu moja kubwa, ikifanya kila kitu, na ikifanya kila kitu kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mfumo. Sababu ilikuwepo: katika Unix, milango iliyo chini ya 1024 hufunguliwa na mtumiaji mkuu peke yake, na kuandika ndani ya kisanduku cha kila mtu kunahitaji uwezo wa kuvaa utambulisho wa kila mtu. Lakini matokeo yake ni kwamba msimbo uleule uliokuwa ukisikiliza maneno ya mgeni yeyote kutoka nje ulikuwa na funguo za nyumba nzima. Tarehe 2 Novemba 1988, mnyoo ulioandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, ulienea kwenye mashine nyingi za intaneti changa ya wakati ule. Mojawapo ya njia zake ilikuwa amri ya DEBUG iliyoachwa wazi ndani ya Sendmail. Kwa amri hiyo mgeni aliweza, mahali pa anwani ya mpokeaji, kuandika amri ya kuendeshwa na mashine. Miaka ya 1990 ikapita kwa tundu kuzibwa na jingine kuonekana.

Mmoja wa wa kwanza kulivunja jengo hilo na kulijenga upya kwa ukali alikuwa Daniel J. Bernstein, mwanahisabati, kwa programu yake ya qmail. Aliianza mwaka 1995, toleo la 1.0 likatoka 1997, na mwaka huohuo akatangaza zawadi ya dola 500 kwa atakayeonyesha tundu la usalama ndani yake. Aliigawa kazi kwa programu ndogo ndogo zinazoendeshwa na watumiaji tofauti wa mfumo, kila mmoja akijua kidogo na kuweza kidogo. Alituachia pia Maildir, namna ya kuhifadhi barua ambayo naiona kuwa zawadi kubwa kuliko qmail yenyewe: kila barua ni faili lake, huandikwa kwanza ndani ya saraka iitwayo tmp, na likikamilika huhamishiwa new. Hakuna kufuli, hakuna kugombania faili moja refu, na anayesoma hawezi kuona barua nusu. Kwa bahati mbaya masharti ya leseni yake hayakuruhusu watu kusambaza qmail iliyobadilishwa, hivyo kila aliyeihitaji alibandika viraka vyake mwenyewe. Bernstein alipoiachia iwe mali ya umma, mwishoni mwa 2007, wengi walikuwa wameshahama. Naisoma kwa heshima, lakini simshauri mtu aiweke leo.

Venema alikuja na Postfix Desemba 1998, akiwa mtafiti wa IBM kwenye maabara ya Thomas J. Watson. Ni Mholanzi aliyesomea fizikia, na kabla ya hapo jina lake lilikuwa limeshajulikana kwa TCP Wrapper, kizuizi kidogo cha kuchuja nani aingie kwenye huduma za mashine, na kwa SATAN, chombo cha kukagua udhaifu wa mitandao alichokitoa na Dan Farmer mwaka 1995. Yaani alikuwa mtu aliyetumia miaka akiangalia jinsi mifumo inavyovunjwa. IBM waliitoa kwa jina la Secure Mailer. Jina la Postfix ndilo lililoishi.

Postfix aliijenga hivi. Mchakato mmoja, master, huwasha wengine wanapohitajika. Kila mwingine ana kazi moja: kupokea kutoka nje, kuandika kwenye foleni, kugeuza anwani, kupanga foleni, kupeleka nje, kuandika taarifa za kurudisha barua. Master na wale wachache wanaofikisha barua ndani ya visanduku vya watumiaji ndio wenye mamlaka makubwa. Waliobaki huyavua mara wanapoanza, wakaendelea kama mtumiaji asiye na lolote, na wengi wao unaweza kuwafungia ndani ya saraka ya foleni wasione kitu kingine cha mfumo. Mchakato ukishahudumia mara 100 hujiondoa na mwingine kuwashwa mahali pake, kwa hiyo kasoro ndogo ya kumbukumbu haipati muda wa kukua ikawa kubwa.

Ninachokipenda zaidi hapa ni kwamba vipande hivi haviaminiani. Kipande kinachosoma faili la foleni hulisoma kwa tahadhari ileile ambayo kingelisoma kama limetoka kwa mtu baki, ingawa limeandikwa na ndugu yake dakika moja iliyopita. Mara ya kwanza hilo linaonekana kama kazi ya bure. Ukifikiri unaona faida yake: mdukuzi akifanikiwa kumteka smtpd, atakuwa ameshika kipande kisicho na mamlaka, kilichozungukwa na wengine wasiokubali neno lake bila kulikagua. Venema hakujenga kwa kutumaini kwamba hatakosea. Alijenga akijua kwamba mahali fulani atakosea.

Nje, lakini, aliacha kila kitu kama watu walivyokizoea. Amri ya /usr/sbin/sendmail ipo, inaitikia kama zamani, na programu nyingine za mfumo hazijui kama Sendmail imeondoka. Baadaye, Postfix ilijifunza hata lugha ya milter, ambayo Sendmail iliitumia kuzungumza na vichujio vya nje, ili vichujio vilivyoandikwa kwa ajili ya mpinzani wake vifanye kazi bila kuguswa. Apple waliiweka kwenye Mac OS X mwaka 2003, na Red Hat waliifanya chaguo la msingi badala ya Sendmail katika toleo la 6 la mfumo wao wa makampuni, mwaka 2010.

Kisha iko subira ya qmgr, na hapa mtu mwenye mtandao unaokatika hana budi kusikiliza. Barua iliyoshindikana haitupwi wala haipigiwi kelele. Huhamishiwa saraka ya deferred, ikasubiri angalau sekunde 300 kabla ya kujaribiwa tena, na kadiri inavyozeeka ndivyo muda wa kusubiri unavyorefuka, ila hauzidi sekunde 4000. Siku 5 zikiisha ndipo mwenyewe anarudishiwa na maelezo. Ofisi inayopoteza mtandao Ijumaa jioni na kuupata Jumatatu asubuhi haipotezi barua hata moja, na hakuna anayelazimika kufanya chochote.

Subira hiyo inamhusu pia jirani. Qmgr akianza kuipelekea seva fulani barua nyingi, huanza na 5 kwa wakati mmoja. Zikipokelewa vizuri huongeza taratibu mpaka 20. Mwenzake akionyesha kuchoka hupunguza. Seva iliyolala siku nzima ikiamka haikuti mafuriko mlangoni. Na ndani ya foleni yenyewe, kanuni aliyoibuni Patrik Rak inahakikisha kwamba barua ya mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja haisubiri nyuma ya tangazo la wapokeaji maelfu; inapenyezwa katikati, bila kulichelewesha tangazo kwa kiasi cha kuumiza. Wewe uliyetuma barua fupi saa nne asubuhi, wakati ofisi ya masoko imetuma jarida lake, hutajua kamwe kwamba kuna mtu aliyekaa akapiga hesabu kwa ajili yako.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kuonyesha jambo moja tu, ningeonyesha namba 451. Katika SMTP, jibu linaloanza na 5 maana yake ni hapana ya moja kwa moja, na linaloanza na 4 maana yake ni jaribu baadaye. Chukua seva ambayo orodha ya watumiaji wake iko kwenye hifadhidata ya MySQL. Hifadhidata imezimika usiku. Barua inaingia kwa mwalimu mkuu wa shule fulani, programu inauliza orodha, orodha haijibu. Programu iliyoandikwa kwa haraka itachukulia kutopata jibu kuwa jibu: hayumo. Itasema 550, hakuna mtu kama huyo, na seva zote za dunia zitaamini. Barua zitarudishwa, na mifumo ya majarida na ya benki itafuta anwani za watu walio hai na wazima. Asubuhi hifadhidata inawashwa na madhara yameshatendeka. Postfix hutofautisha mtu asiyekuwepo na orodha isiyosomeka. Orodha isiposomeka hujibu 451, kuna hitilafu ya muda, na kila mtumaji anarudi baadaye akiwa na barua yake. Tabia hii haikai mahali pamoja ndani ya msimbo. Inabidi kila kipande kinachouliza kitu kibebe majibu matatu, yupo, hayupo, na sikuweza kujua, na kuyapeleka yote matatu mpaka mwisho bila kuyachanganya. Wenye kuandika programu wanajua jinsi ilivyo rahisi kuliangusha lile la tatu njiani.

Kwa barua taka pia njia yake ni ya mtu mtulivu. Tangu toleo la 2.8, la mwaka 2011, kuna mlinzi aitwaye postscreen anayekaa mbele ya smtpd. Kanuni inataka anayeingia asubiri kusalimiwa kwanza. Seva husema 220 ndipo mgeni aanze. Postscreen hutuma nusu ya salamu, 220 yenye kistari mbele yake, na kistari hicho kwa mwenye kujua maana yake ni kwamba maneno yanaendelea. Halafu hungoja hadi sekunde 6. Seva halali inatulia. Mashine zilizotekwa kutuma barua taka zina haraka, zinataka kutuma nyingi kabla hazijafungiwa, kwa hiyo nyingi huanza kusema papo hapo, kama mtu anayepiga hodi na mguu umeshaingia sebuleni. Zinajulikana hapohapo, kabla ya kusoma hata neno moja la barua, na kazi yote hiyo inafanywa na mchakato mmoja mwepesi unaoangalia milango mingi kwa pamoja. Mgeni aliyefaulu hukumbukwa kwa muda, na akirudi kabla haujaisha hasimamishwi tena.

Kazi hii haijakosa doa. Desemba 2023, watafiti wa SEC Consult walionyesha kwamba seva tofauti hazikuwa zikikubaliana kikamilifu juu ya mwisho wa barua. Kanuni inataka nukta izungukwe na alama mbili za mwisho wa mstari, CR na LF, lakini seva nyingi, zikiwemo Postfix, Sendmail na Exim, kwa ukarimu wa zamani zilikubali baadhi ya namna pungufu. Katikati ya tofauti hiyo mtu aliweza kuficha barua ya pili ndani ya ya kwanza na kuifanya ionekane imetoka kwa mwingine. Viraka vya Postfix vilitoka kabla mwaka haujaisha, kwa matoleo kadhaa ya nyuma na siyo la mwisho peke yake, pamoja na maelezo ya nini kingeharibika kwa mwenye vifaa vya zamani visivyofuata kanuni. Kuchagua programu ni kumchagua pia mtu atakayeamka siku kama hiyo. Tangu 1998, Venema yupo.

Exim nayo ina wapenzi wake, na wana hoja. Philip Hazel aliianza Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, mtu huyohuyo aliyetupa PCRE, maktaba ya kutafuta ruwaza ndani ya maandishi inayotumika ndani ya programu zisizohesabika. Debian waliifanya chaguo lao la kwanza kwa miaka mingi. Mwenye masharti ya ajabu, kwamba barua za idara hii zipite huku zikiwa na kiambatisho na zipite kule zikiwa hazina, isipokuwa Jumapili, ataiona Exim ikimwitikia vizuri kuliko yeyote. Lakini haina msimamizi mmoja wa foleni. Ilibuniwa kwa mashine zilizo kwenye mtandao muda wote, ambako barua nyingi huondoka mara tu zinapofika, na foleni ikirefuka sana huanza kuelemewa. Na ni jengo la programu moja kubwa. Mwaka 2019 lilionekana ndani yake tundu ambalo kwalo anwani ya mpokeaji iliweza kubeba amri, na amri ikaendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Miaka 31 baada ya mnyoo wa Morris, kosa la ukoo uleule.

Kwa vyovyote, Postfix peke yake haikamilishi seva. Haina njia ya kumsomea mtu barua zake kwenye simu. Kazi hiyo ya IMAP mwachie Dovecot, ambayo Timo Sirainen wa Finland aliitoa mwaka 2002 na, kwa roho ileile ya Bernstein, akaahidi euro 1000 kwa tundu la kwanza. Postfix humkabidhi Dovecot barua kwa LMTP, na hata nywila za watumiaji humwachia Dovecot azikague, badala ya kuweka orodha ya pili. Ongeza Rspamd kwa kuchuja na kutia sahihi ya DKIM. Andika rekodi za SPF na DMARC kwenye kikoa chako. Hakikisha mtoa huduma wako anaruhusu mlango wa 25 kwenda nje, na kwamba anwani yako ya IP inarudisha jina la seva yako, kwa sababu tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti yao na barua isiyo na vitu hivi inaishia pabaya. Haya ni ya lazima, si ya kusifia.

Ukishaiwasha, soma logi zake. Kila barua iliyopelekwa huacha mstari, na ndani ya mstari huo kuna sehemu iitwayo delays yenye namba nne zilizotengwa kwa mikwaju. Ya kwanza ni muda uliotumika kabla ya qmgr kuishika barua, ya pili ni muda ndani ya qmgr, ya tatu ni kutafuta jina, kufungua njia na kusalimiana na seva ya mbali, ya nne ni kuisafirisha barua yenyewe. Mhasibu anapolalamika kwamba barua zake zinachelewa, huna haja ya kubahatisha. Ukikuta 0.2/0.01/40/0.6, upokeaji hauna kosa, foleni haina kosa, na barua si nzito. Sekunde 40 zimeishia kwenye kulitafuta jina, kufungua njia au kusalimiana. Kagua kwanza DNS unayoitumia, na mara nyingi utaikuta inauliza seva iliyokufa kabla ya kuuliza iliyo hai. Irekebishe kwenye /etc/resolv.conf, uiwashe Postfix upya ili wale waliofungiwa ndani ya saraka ya foleni wapate nakala mpya ya faili hilo, kisha mwambie mhasibu atume tena.